Kinga Anayoivaa Mwenyewe: Kondomu ya Kike na Haki ya Mwanamke wa Dar

Jumanne moja nilitoka Magomeni Mapipa kwa miguu, nikavuka Jangwani, nikaingia Kariakoo, nikiuliza kitu kimoja kwenye kila duka la dawa nililolikuta njiani. Nilikuwa natafuta kondomu ya kike. Duka la kwanza, kijana alinionyesha boksi la za kiume lililokaa kaunta pamoja na peremende za kifua. "Zipo hizi tu, dada." La pili, mama mmoja wa makamo alitabasamu kama mtu aliyekumbushwa jirani aliyehama mtaa. "Za kike? Hizo zilikuwaga zamani." La tatu, muuzaji hakuwahi kuiona maishani mwake, akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma, na yule mwenzake alipotoka akanikagua mimi kuanzia kilemba hadi kandambili kabla hajajibu swali. Nilipofika Mtaa wa Msimbazi nilishauliza maduka saba na mkononi sina kitu.

Duka la nane waliniambia nijaribu kituo cha afya. Nikaenda. Pale mlangoni, karibu na choo, kulikuwa na kasha la ukutani lenye kondomu za kiume za bure. Unachukua unaondoka, hakuna anayekuuliza jina. Kwa hizi za kike nilielekezwa ndani, kwenye chumba cha uzazi wa mpango, nikakaa kwenye benchi na kina mama wenye watoto mgongoni, na zamu yangu ilipofika nesi akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi: "Umeolewa? Mumeo anajua kama unataka hizo?" Kisha akasema hazipo, na hakumbuki mara ya mwisho zilikuja lini.

Sitakitaja kituo hicho. Yule nesi nilimwona amechoka, na nadhani angeulizwa mwenzake wa kituo kingine angejibu vile vile. Lakini maswali yake mawili yamenikaa kichwani kuliko hata lile jibu la kwamba hazipo. Mwanamume aliyechukua za kwake mlangoni hakuulizwa kama ameoa wala kama mkewe anajua.

Mtu anaweza kuniambia: dada, hiyo ni bidhaa tu imeadimika, kama sukari inavyoadimikaga. Mbona unaiita haki ya binadamu? Ni swali la maana, na wengi wanaoandika kuhusu jambo hili huliruka. Neno "haki" tumelitumia sana hadi limechakaa, kila anayetaka kitu husema ni haki yake. Kwa hiyo nianze na kitu chenyewe, kisha nirudi kwenye haki.

Nyumbani ninayo moja. Niliipata kwenye semina, imekaa kwenye droo pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto, na muda wake haujaisha. Nimeitoa ili niieleze vizuri. Ni kifuko laini, chepesi, kinachoonyesha upande wa pili, kina urefu wa sentimita kama 17 na tayari kimepakwa mafuta ya kulainisha. Kina pete mbili. Pete ya ndani ni ngumu kidogo, iko huru upande ulioziba. Pete ya nje ni nyembamba na imeshikana na mdomo wa kifuko. Unaibana pete ya ndani kwa vidole mpaka iwe kama namba nane, unaisukuma ukeni jinsi unavyoingiza kisodo, halafu unaifuatisha kwa kidole hadi ikae juu, kwenye mlango wa kizazi. Pete ya nje inabaki nje, inafunika mashavu ya uke. Mkishamaliza, kabla hujainuka, unaizungusha ile pete ya nje mara mbili tatu ili kilichomo kisimwagike, unaivuta taratibu, unaifunga kwenye karatasi na kuitupa kwenye taka. Chooni usiitupe, itakuzibia choo.

Mara ya kwanza inateleza mkononi kama kambale. Ya pili ina nafuu. Wanaowafundisha wanawake kuitumia husema ijaribu ukiwa peke yako kwanza, tena zaidi ya mara moja, kabla hujawa na mtu. Mtu anayekuambia ni rahisi tangu siku ya kwanza anakudanganya, na uongo huo umewafanya wanawake wengi waitupe baada ya jaribio moja wakidhani tatizo ni wao.

Iliyobuni kitu hiki ni akili ya daktari wa Denmark, Lasse Hessel, katika miaka ya 1980. Marekani iliidhinisha ile ya kwanza mwaka 1993. Ilikuwa ya plastiki iitwayo poliyurethani, na ilikuwa na sauti: wakati wa tendo ilikuwa ikichakarika kama mfuko wa rambo. Sifa ile mbaya imeganda mpaka leo, ingawa ya pili iliyokuja baadaye, na ambayo Shirika la Afya Duniani na lile la idadi ya watu, UNFPA, waliikubali mwaka 2007, imetengenezwa kwa nitrili, malighafi ile ile ya glavu za hospitali. Haipigi kelele. Haina mpira wa asili, kwa hiyo mwenye mzio wa mpira anaitumia bila kuwashwa. Tangu hapo zimeidhinishwa na nyingine, kutoka India na China, zenye maumbo tofauti kidogo.

Inakinga kiasi gani? Katika wanawake 100 wanaoitumia kwa mwaka mzima bila kukosea hata mara moja, 5 hivi hushika mimba. Katika hali halisi ya maisha, ambapo watu husahau au huivaa vibaya, huwa 21. Ya kiume ni 2 na 13. Tofauti ipo, na sioni sababu ya kuificha. Sehemu kubwa ya pengo kati ya ile 5 na ile 21 ni mazoezi, na mazoezi yanataka mtu wa kukuonyesha na bidhaa ya kujaribia. Kwa magonjwa ya zinaa, tafiti zilizowalinganisha wanawake waliopewa ya kike na waliopewa ya kiume hazikukuta kwamba waliopewa ya kike wanaambukizwa zaidi. Kosa moja tu ni la kuepuka kabisa: usivae ya kike naye akavaa ya kiume, ukidhani ulinzi ni mara mbili. Zinasuguana, zinachanika au zinatoka mahali pake. Na kila tendo linataka mpya.

Hayo yote yanaelezea kifaa. Sababu iliyonifanya nitembee kutoka Mapipa iko kwenye kitenzi kimoja: kuvaa. Tangu niko shule ya msingi nimekuwa nikisikia matangazo ya kinga, na katika yote mwanamume ndiye anayevaa. Mwanamke anamwambia avae. Anamwomba avae. Anamsihi, anambembeleza, akishindwa anaambiwa na mashangazi kwamba hakujua kuongea naye vizuri. Kinga yake iko kwenye mwili wa mtu mwingine na inategemea jibu la mtu mwingine. Kondomu ya kike ndiyo kinga pekee kati ya tulizonazo ambayo mwanamke anaivaa yeye, mwilini mwake, na ambayo inazuia mimba na magonjwa kwa pamoja. Anaweza kuivaa mapema, hadi muda wa saa nane kabla ya tendo. Maana yake anaweza kuivaa akiwa na akili zake timamu, jioni, anapooga, kabla hajakutana na mtu aliyekunywa au mwenye haraka au asiyetaka kusikia neno "subiri".

Watu wa mtaani hudhani suala hili ni la mabinti wa baa na gesti. Muulize mwanamke aliyeolewa. Katika ndoa, kondomu ina jina baya: ni ya mchepuko. Mke akiitaja, mume anasikia mojawapo ya mambo mawili, ama unanishuku, ama wewe ndiye mwenye la kuficha. Namfahamu mama mmoja wa Tandika anayeuza mihogo ya nazi, ambaye mumewe ana nyumba nyingine Mkuranga na kila mtu analijua hilo. Aliniambia: "Mwanangu, mimi nikimwambia avae, usiku ule ule hatulali. Nitajibu maswali mpaka alfajiri." Hakusema zaidi, nami sikumwuliza. Kwa mwanamke huyo, kasha lile la ukutani lililojaa kondomu za bure ni kama halipo.

Na sheria haimsimamii. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, haihesabu kuwa ni ubakaji pale mume anapomwingilia mkewe bila ridhaa yake, isipokuwa kama wametengana. Kwa hiyo mama wa Tandika hana uwezo wa kisheria wa kusema "hapana" chumbani kwake, na hana kinga ambayo haipitii kwenye "ndiyo" ya mumewe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya watetezi wenzangu hawapendi lisemwe. Kondomu ya kike haifichiki. Pete ya nje inaonekana na inagusika. Mwanamume asiyekuwa mlevi kupindukia ataijua. Anayemwambia mwanamke kwamba anaweza kuivaa kwa siri anaweza kumsababishia kipigo. Inachobadilisha ni mazungumzo. "Naomba uvae" ni ombi, na ombi hukataliwa kwa neno moja. "Mimi nimeshavaa, wewe huhitaji kuvaa chochote" ni taarifa, na wanaume wengi, hasa wale wanaolalamika kwamba kondomu inawabana au inawaondolea ladha, huipokea kwa nafuu. Haihitaji uume uwe umesimama kabisa, wala haimlazimishi kujitoa haraka baada ya kumaliza. Nimewasikia wanawake wakiieleza kwa waume zao kama njia ya uzazi wa mpango, bila kutaja ugonjwa hata kidogo, na jambo likapita. Siyo kila mwanamume atakubali. Lakini kwa mwanamke ambaye hana silaha yoyote, hatua moja mbele ni kubwa.

Ukubwa wake unaonekana kwenye takwimu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi nchini wanaishi na VVU. Kwa wanaume ni asilimia 3.0, kwa wanawake ni 5.6. Maambukizi mapya kwa watu wazima yalikadiriwa kuwa kama 60,000 kwa mwaka. Maumbile yanachangia, kwa kuwa ukuta wa uke ni mpana na mbegu hukaa ndani kwa muda, lakini maumbile hayaelezi pengo lote. Linaelezwa pia na nani anapanga lini, wapi, na kwa kinga gani.

Sasa turudi kwenye haki.

Kuna kupewa kwa hisani na kuna kudai kwa haki. Hisani inategemea moyo wa mtoaji: leo anatoa, kesho hana, na huna pa kumshtaki. Haki ina mdaiwa. Katika mikataba ya haki za binadamu mdaiwa ni serikali iliyosaini. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni mwaka 1976, na mkataba huo unatambua haki ya kila mtu ya kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Mwaka 1985 ikaridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, ambao katika ibara ya 16 unampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kuamua idadi ya watoto na nafasi kati yao, pamoja na kupata taarifa na njia za kumwezesha kuitumia haki hiyo. Neno "njia" limo ndani ya mkataba. Haki ya kuamua bila njia ya kutekeleza uamuzi ni barua isiyo na stempu.

Mwaka 1995 wanawake wa dunia walikutana Beijing chini ya katibu mkuu aliyetoka kwetu, Gertrude Mongella wa Ukerewe. Waraka uliotoka kule unasema haki za binadamu za wanawake ni pamoja na kuwa na mamlaka juu ya mambo ya ujinsia wao na kuyaamua kwa uhuru, bila kushurutishwa, kubaguliwa wala kufanyiwa ukatili. Wengi wetu tulimjua kama Mama Beijing kabla hatujajua Beijing iko nchi gani, na bado tunalitaja jina lake kwenye hotuba za Machi 8. Kifungu hicho sijawahi kukisikia kikisomwa kwenye sherehe hizo.

Mkataba unaokaribia zaidi kondomu yenyewe ni wa Waafrika wenyewe: Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa mwaka 2003, nasi tukairidhia mwaka 2007. Ibara ya 14 inataja haki ya mwanamke kuchagua njia yoyote ya kuzuia mimba, na haki ya kujikinga, na ya kukingwa, dhidi ya magonjwa ya zinaa ukiwemo UKIMWI. Angalia jinsi ilivyoandikwa. Kukingwa ni wajibu wa wengine kwake. Kujikinga ni tendo lake yeye. Sijui njia nyingine iliyopo leo ambayo inalijibu neno hilo "kujikinga", katika mimba na magonjwa kwa mara moja, bila kupitia mwili wa mwanamume.

Je, maana yake naweza kwenda mahakamani kesho kudai pakiti tatu? Hapana. Kwetu mkataba hauwi sheria ya kudaiwa moja kwa moja mpaka Bunge liuingize kwenye sheria za nchi. Tena haki ya afya hutekelezwa hatua kwa hatua, kulingana na uwezo wa nchi, na hakuna anayetarajia serikali ijaze kila duka kwa usiku mmoja. Lakini kuna vitu ambavyo havisubiri uwezo. Kutobagua hakusubiri bajeti. Kutorudi nyuma, yaani kutokuacha kilichokuwepo kitoweke bila sababu, ni wajibu wa leo. Na kuwa na mpango unaoeleweka ni wajibu wa leo pia.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba tuliojiunga nao 1976 iliweka mwaka 2000 vipimo vinne vya kuangalia kama haki ya afya ipo kweli: huduma iwepo, ifikike, ikubalike, na iwe na ubora. Mwaka 2016 ikavirudia kwa afya ya uzazi. Ubora wa kondomu hizi umeshathibitishwa na wakubwa wa dunia, tuuache. Kuwepo, umeshatembea nami kutoka Mapipa hadi Msimbazi. Kufikika kuna sura ya bei na sura ya umbali, lakini kuna sura ya tatu ambayo ni taarifa: yule muuzaji wa duka la tatu hakujua kitu hicho kipo duniani, na mteja wake atajuaje? Kukubalika ndipo linapoingia lile swali la "Mumeo anajua?" Huduma inayomtaka mwanamke mzima atoe kibali cha mume mbele ya benchi zima imefeli kipimo hata kama kabati lingekuwa limejaa hadi juu.

Kwa nini basi hazipo? Hapa ndipo penye mtego, na nimeusikia kwa watu wa aina zote, kuanzia wauza dawa hadi wapangaji wa miradi: "Hazitakiwi. Wanawake hawazipendi." Mwenye duka haagizi kwa kuwa haziulizwi. Haziulizwi kwa kuwa hakuna anayezijua. Hakuna anayezijua kwa kuwa hazifundishwi, na nesi hawezi kufundisha kitu ambacho hana hata cha kuonyeshea. Kisha mwisho wa mwaka anakuja mtu na karatasi, anahesabu ngapi zilitoka, anaandika: mahitaji ni madogo. Wanaonunua kwa wingi hulipia moja ya kike zaidi ya mara kumi ya bei ya moja ya kiume, kwa hiyo fedha zikibana inakuwa ya kwanza kufutwa. Na bei haishuki kwa kuwa hazinunuliwi nyingi.

Kuna mahali mzunguko huu ulikatwa. Zimbabwe, katikati ya miaka ya 1990, wanawake waliosikia kwamba kitu hiki kipo walikusanya saini zaidi ya 30,000 kuitaka serikali yao ikiingize nchini. Mwaka 1997 kikaingia. Baadaye kikapelekwa hadi saluni za nywele, wasusi wakafundishwa kukieleza, kwa sababu mwanamke anayesukwa anakaa saa tatu na ana muda wa kuuliza. Fikiria saluni za Sinza na Mbagala. Afrika Kusini nayo ilianza mwaka 1998, na serikali ikazinunua kwa fedha zake hadi ikawa na mojawapo ya mipango mikubwa zaidi duniani ya kuzigawa bure. Wanawake wa nchi hizo hawana maumbile tofauti na ya wanawake wa Temeke. Walipatiwa kitu, wakafundishwa, wakatumia.

Nasi hatukuanza sifuri. Wanaokumbuka watalikumbuka jina la Lady Pepeta, kondomu ya kike iliyouzwa kwa bei ya ruzuku na shirika la T-MARC, wale wale wa kondomu za kiume za Dume. Jina lilikuwa la Kiswahili cha wanawake, lenye utani wa unyagoni ndani yake. Lakini ruzuku ile, kama nyingi za namna hiyo, ilisimama kwenye fedha za wafadhili, na kinachosimama kwenye mguu wa mwingine hukaa pale anapokaa yeye. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipozuia misaada yake ya nje, tuliona jinsi huduma za VVU zilivyotikisika kwa siku chache tu. Bidhaa ambayo mwaka 2012 tume ya Umoja wa Mataifa iliiweka kwenye orodha ya bidhaa 13 zinazookoa maisha ya wanawake na watoto haifai kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Kupunguza kodi peke yake hakutoshi pia. Tulishaona kwenye taulo za kike: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa mwaka 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa, na mtoto wa kike wa Kigogo hakuuhisi mwaka ule wa nafuu.

Uhaba una madhara ambayo hayaandikwi kwenye karatasi za mahesabu. Ilifika mahali Shirika la Afya Duniani likalazimika kuchunguza usalama wa kufua na kurudia zile za kwanza za plastiki, kwa sababu wanawake waliokuwa nazo chache walishaanza kuziosha na kuzitumia tena wenyewe. Likasema halipendekezi. Wanawake wale walijua thamani ya walichonacho, ndiyo maana walikuwa wakikifua. Kwa hiyo anayeniambia hazitakiwi, mimi namwuliza: nani anafua kitu asichokitaka?

Wapo wanaosema siku hizi kuna vijiti, sindano, kuna dawa za kumeza za kuzuia VVU, ya nini kuhangaika na kifuko hiki. Kijiti kinazuia mimba, hakizuii VVU wala kisonono. Dawa za kinga zinazuia VVU, hazizuii mimba wala kaswende, na zinataka kumezwa kwa utaratibu na kufichwa mahali. Mwanamke anayetaka vyote viwili bado anarudi kwenye kondomu, na kama mwenzake havai, anabaki na ya kwake. Wanaosema itapotelea tumboni niwatulize: mlango wa kizazi ni mdogo mno, haina pa kwenda. Na wanaosema inachochea uasherati, mimi nawaomba wakae na mama wa Tandika nusu saa.

Nimefikiria sana ni nani wa kuufundisha mji huu, na kila mara narudi kwa watu wale wale: makungwi. Mwaka jana nilialikwa kicheni pati ya binti wa jirani, Tabata. Ukumbi umepambwa, maturubai ya pinki na dhahabu, sare za vitenge, bwana harusi haruhusiwi hata kuchungulia. Kungwi alikuwa bibi wa miaka sabini hivi, mweupe wa nywele, sauti kama ya msichana. Alimfundisha mwali kila kitu: maji ya kuoga mume, shanga, namna ya kumpokea akitoka kazini, namna ya kunyamaza na namna ya kusema. Alionyesha kwa mwili wake mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wanawake mia mbili wakapiga vigelegele. Kuhusu kinga hakusema neno. Mwali wetu aliingia kwenye ndoa akijua kila kitu isipokuwa namna ya kujilinda ndani yake.

Nilimfuata baadaye, anakula pilau upande wa nyuma. Nikamwamkia, nikamweleza, nikaitoa kwenye mkoba ile ya kwangu, ikiwa bado kwenye pakiti yake. Sikujua atanipokeaje. Aliosha mikono, akaipokea, akanitaka niifungue. Akaigeuza, akaivuta, akabana ile pete kwa kidole gumba na cha kati bila mimi kumwelekeza, ikawa namba nane.

"Hii ya ndani unaitoa ukishaiweka, au inakaa humo humo?"

"Inakaa, bibi. Mnatoa vyote pamoja mkishamaliza."

"Na mume hataumia nayo?"

"Ikikaa vizuri juu, hata haigusi."

Akanyamaza kidogo, akairudisha kwenye pakiti iliyochanwa na kunikabidhi. Zamani, alisema, mwali alifundishwa kwa vitu vya kushika, siyo kwa maneno matupu. Kisha akaniuliza kama naweza kumletea hata tano, maana Jumamosi ijayo ana mwali Mbagala Rangi Tatu, na mwingine wiki inayofuata, Gongo la Mboto.

Ndiyo safari iliyonitoa Mapipa Jumanne ile. Ijumaa usiku nilimpigia simu kumwambia sijapata. Akasema nimpelekee basi hiyo hiyo iliyofunguliwa.